Haionekani, imekataliwa, imekatika: vitenzi vya hitilafu kati ya bodi na ruta

Katika maelekezo ya kiufundi yanayoandikwa kwa Kiswahili, sentensi moja hujirudia kuliko nyingine zote: *Bodi haijaunganishwa*. Mwalimu huiandika ubaoni, mfasiri huiweka katika mwongozo, na mwanafunzi huisoma kwenye skrini. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo hubeba hitilafu tano tofauti kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayeisoma anaweza kubadilisha nenosiri mara kumi, ilhali kosa liko katika bendi ya mawimbi. Au akanunua bodi mpya, ilhali kilichokwisha ni bando la ruta. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Minyambuliko ya vitenzi vyake inatosha kutaja kila hitilafu kwa jina lake, mradi mwandishi achague umbo linalofaa.

Makala haya yanaeleza matumizi ya vitenzi hivyo kwa mfano wa bodi ndogo zenye chipu za ESP8266 na ESP32, ambazo hutumika sana shuleni, vyuoni na nyumbani kwa kazi kama kupima joto, kuwasha taa au kufungua maji ya bustani. Chipu hizo hutengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China.

1. Nomino za msingi

bodi nm [i-/zi-]. Kibao cha kielektroniki chenye chipu, pini na antena. *Bodi hii inatumia volti 3.3.* Katika muktadha mwingine neno hili humaanisha baraza la uongozi; kwa hiyo itajwe kwa ukamilifu mara ya kwanza: *bodi ya ESP32*.

ruta nm [i-/zi-]. Kifaa kinachounganisha vifaa vya nyumbani na kuvipitisha kwenda kwenye intaneti. Umbo *kipanga njia* [ki-/vi-] nalo hutumika. Yote mawili yanakubalika, lakini yasichanganywe katika andiko moja, maana msomaji atadhani ni vifaa viwili.

mtandao nm [u-/i-]. Neno hili ndilo lenye utata mkubwa kuliko yote. Katika mazungumzo ya kila siku huweza kumaanisha kampuni ya simu (*Unatumia mtandao gani?*), mawimbi ya simu (*Huku kijijini mtandao unasumbua*), intaneti (*Nimeisoma mtandaoni*), au muungano wa vifaa ndani ya nyumba. Mtu akisema *hakuna mtandao*, hajasema bado ni kipi kinachokosekana. Katika maandishi ya kiufundi inafaa kutenga: *mtandao wa nyumbani* kwa vifaa vilivyo chini ya ruta moja, *intaneti* kwa kilicho nje ya ruta, na *mtandao wa simu* kwa huduma ya kampuni.

Utengo huu si wa kupamba lugha. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hutumia ruta yenye laini ya simu ndani yake. Bando likiisha, ruta huendelea kurusha mawimbi yake ya Wi-Fi kama kawaida, na bodi huungana nayo bila shida yoyote. Kinachokosekana ni intaneti peke yake. Sentensi sahihi ni: *Bodi imeungana na ruta, lakini ruta haina intaneti.* Anayeandika *Bodi haina mtandao* humtuma msomaji kwenye bodi, mahali pasipo na kosa.

2. Ungana na jamii yake

ungana kt [sie]. Kuwa kitu kimoja na kingine, kufanya mwungano. *Bodi imeungana na ruta.* Umbo hili hueleza kuwa pande mbili zimekubaliana. Ndilo linalofaa kwa kifaa kinachojiunga chenyewe baada ya kuwashwa.

unganisha kt [ele]. Kusababisha viungane. *Mwanafunzi ameunganisha kebo ya USB na kompyuta.* Hapa yupo mtendaji, naye ni mtu.

unganishwa kt. Kauli ya kutendwa. *Kebo imeunganishwa.* Simu zenye menyu ya Kiswahili huandika *Imeunganishwa* kwa hali ya Wi-Fi, na matumizi hayo yamezoeleka. Hata hivyo umbo la kukanusha, *haijaunganishwa*, lina maana mbili: hakuna aliyejaribu kuiunganisha, au imejaribiwa ikashindikana. Katika maelekezo ya kutafuta hitilafu utata huo hauvumiliki.

unganika kt. Kauli ya kutendeka. *Ruta hii haiunganiki na bodi hiyo* humaanisha kuwa jambo lenyewe haliwezekani, si kwamba halijafanyika. Umbo hili litumike pale tu sababu ya kudumu inapojulikana. Kwa mfano, chipu ya ESP8266 na ile ya kwanza ya ESP32 hupokea mawimbi ya bendi ya GHz 2.4 pekee. Ruta iliyowekwa kurusha bendi ya GHz 5 peke yake *haiunganiki* nazo, hata nenosiri likiwa sahihi na hata bodi ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye antena.

3. Hatua tano na vitenzi vyake

Bodi haiungani na ruta kwa tendo moja. Hutafuta jina la mtandao, huthibitisha nenosiri, hupokea anwani, hupatikana na vifaa vingine, kisha hudumisha mwungano huo. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa, na kila namna ina kitenzi chake.

(a) Haionekani. Mtandao wa ruta hauonekani kwa bodi. Katika bodi za ESP32 hitilafu hii huweza kuripotiwa kwa namba ya sababu 201. Kitenzi *onekana* kinafaa kwa kuwa tatizo ni la kuona: hakuna nenosiri lililojaribiwa bado, hivyo kulibadilisha ni kazi bure. Sababu za kawaida ni hizi: ruta inarusha GHz 5 pekee, jina la mtandao limeandikwa kwa kosa, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, ruta iko mbali au nyuma ya ukuta wa zege lenye nondo, au ruta inatumia chaneli ambayo bodi haikuruhusiwa kuisikiliza. Marekani, vifaa vya nyumbani kwa kawaida hutumia chaneli 1 hadi 11, na nchi nyingine nyingi huruhusu hadi 13. Bodi iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huenda isiione ruta iliyo kwenye chaneli 12 au 13. Dawa ni kuiweka ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11.

*Si sahihi:* Ruta imeikataa bodi.
*Sahihi:* Mtandao wa ruta hauonekani kwa bodi.

(b) Imekataliwa. Bodi imeuona mtandao, imeomba kuingia, nayo ruta imekataa. Kauli ya kutendwa inafaa kwa sababu yupo mtendaji, yaani ruta. Namba za sababu 15 na 202 hutokea mara nyingi katika hali hii. Ya kwanza ni pale mabadilishano ya kuthibitisha nenosiri yanapokwama katikati mpaka muda ukaisha. Ya pili ni pale uthibitisho unaposhindikana. Kosa la nenosiri ndilo la kuchunguzwa kwanza. La pili ni aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa kutumia WPA3 pekee huweza kuikataa bodi yenye programu ya zamani inayofahamu WPA2 tu. Hapo ruta hubadilishwa ikubali aina zote mbili kwa pamoja.

Mfasiri ajihadhari na neno *tarakimu*. Nenosiri la WPA2 huwa na urefu wa herufi 8 hadi 63, na herufi hizo zinaweza kuwa alfabeti, tarakimu au alama. Mwongozo unaosema *nenosiri la tarakimu 8* humfanya msomaji aamini kuwa namba pekee ndizo zinazoruhusiwa. Iandikwe *lenye urefu usiopungua herufi 8*.

(c) Haikupewa anwani. Bodi imekubaliwa mlangoni lakini haina pa kukaa. Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP, hivyo kitenzi *pewa* kinataja uhusiano halisi. Dalili ni bodi kuonyesha anwani 0.0.0.0. Sababu moja ni anwani kuisha. Ruta iliyopangwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 ina anwani 50 tu. Darasani, simu za wanafunzi huweza kuzimaliza zote kabla bodi haijawashwa.

Hapa pia zitofautishwe *anwani iliyotengwa* na *anwani iliyowekwa*. Iliyotengwa huhifadhiwa ndani ya ruta kwa ajili ya kifaa fulani, na ruta haitampa mwingine. Iliyowekwa huandikwa ndani ya programu ya bodi, na ruta haina habari nayo. Kwa hiyo huweza kuigawa anwani ileile kwa simu, na vifaa viwili vikagombana. Kuyaita mambo haya mawili *anwani ya kudumu* bila kufafanua ni kuficha chanzo cha ugomvi.

(d) Haifikiki. Bodi imeungana, ina anwani, lakini simu au kompyuta haiwezi kuifikia. Kauli ya kutendeka ndiyo inayofaa, kwa kuwa bodi yenyewe haina kosa. Njia ndiyo iliyofungwa. Chunguza mambo matatu. Kwanza, simu inatumia Wi-Fi ileile au imehamia kwenye data ya laini? Pili, bodi imeingizwa kwenye mtandao wa wageni? Ruta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo visionane. Tatu, kuna ruta mbili nyumbani, moja ikigawa anwani za 192.168.0 na nyingine za 192.168.1? Ikiwa ni hivyo, kifaa cha upande mmoja huenda kisikifikie cha upande wa pili.

*Haifikiki* isichanganywe na *haipatikani*. Neno la pili limezoeleka kwa simu iliyozimwa au iliyo nje ya mawimbi, na msomaji ataelewa kuwa bodi imezimika.

(e) Imekatika, imekatwa, imejitoa. Mwungano ulikuwapo, sasa haupo. Maumbo matatu hutaja vyanzo vitatu.

*Imekatika* haina mtendaji. Ruta hutoa ishara fupi ya kujitambulisha takriban mara 10 kwa sekunde. Bodi ikikaa muda bila kuisikia, huhesabu kuwa mwungano umekatika na kuripoti sababu 200. Umbali, ukuta, mabati na oveni ya mikrowevu inayofanya kazi karibu ni miongoni mwa visababishi. Hali inayojirudia huelezwa kwa kitenzi kilichorudufiwa: *mwungano unakatikakatika*.

*Imekatwa* ina mtendaji. Mwenye ruta amekizuia kifaa, au ruta imefikia idadi ya vifaa inayoweza kuvihudumia ikakiondoa kimoja. Hapo kusogeza bodi karibu hakusaidii.

*Imejitoa* hutumika pale programu ya bodi yenyewe inapofunga mwungano, kwa mfano bodi inapoingia usingizini ili kuokoa betri. Hii si hitilafu hata kidogo, na mwongozo useme hivyo.

Tahadhari ya mwisho katika kundi hili ni neno *umeme*. Wasemaji wengi wakisikia *umekatika* hufikiri umeme kwanza. Bodi ya ESP32 huvuta umeme mwingi kwa ghafla inaporusha mawimbi, na mtengenezaji hushauri chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampia 500. Kebo nyembamba au chaja dhaifu husababisha volti zishuke, nayo bodi hujizima na kuwaka upya kila inapojaribu kuungana. Mtazamaji huona mwungano umekatika. Kwa hakika *bodi imewaka upya kwa sababu umeme umepungua*. Sentensi hiyo ndefu ndiyo inayomwelekeza msomaji abadilishe kebo badala ya kubadilisha programu.

4. Wakati na hali

Viambishi vya wakati hubeba taarifa ya kiufundi na havipaswi kuchaguliwa kwa mazoea.

*Haijaungana*: bado inajaribu, subiri. Sekunde chache za mwanzo huwa katika hali hii.
*Haikuungana*: jaribio limekwisha na limeshindwa, soma namba ya sababu.
*Haiungani*: imejaribiwa mara nyingi na kila mara hushindwa, tafuta sababu ya kudumu.
*Iliungana ikakatika*: hatua za mwanzo zote zilifaulu, usiguse nenosiri.

Sentensi ya mwisho ina thamani kubwa kwa fundi. Kiambishi *-ka-* kinathibitisha mfuatano, na mfuatano huo unaondoa nusu ya mashaka. Mwanafunzi aliyefundishwa kuripoti hitilafu kwa umbo hili humpunguzia mwalimu maswali.

5. Maneno yenye maana mbili

masafa nm [ya-]. Humaanisha umbali (*mbio za masafa marefu*) na pia idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde (*masafa ya redio*). Sentensi *Bodi ina masafa madogo* haieleweki: je, haifiki mbali, au inatumia GHz 2.4? Tumia *umbali* kwa maana ya kwanza, na *masafa* au *bendi* yakifuatwa na kipimo kwa maana ya pili: *bendi ya GHz 2.4*.

lango nm [li-/ya-]. Wafasiri hulitumia kwa vitu viwili: anwani ya ruta inayopitisha data kwenda nje, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, na namba ya huduma ndani ya kifaa, kama 80 kwa kurasa za wavuti. Ikiwa mwongozo mmoja unataja vyote viwili, *lango* libaki kwa ruta, na namba ya huduma iitwe *poti*. La sivyo msomaji ataandika 80 mahali pa anwani.

nguvu ya mawimbi. Hupimwa kwa desibeli, na namba zake huwa hasi. Kipimo cha -45 ni kikubwa kuliko -85. Mfasiri asiyezingatia alama ya hasi huandika kuwa nguvu *imeongezeka kutoka -45 hadi -85*, ilhali imepungua mara 10,000. Iandikwe: *Nguvu imeshuka kutoka -45 hadi -85, sogeza bodi karibu na ruta.*

nenosiri na nywila. Yote mawili hutumika kwa maana moja. Lichaguliwe moja na lishikiliwe hadi mwisho wa andiko.

6. Kitone cha ng'

Tahajia ya Kiswahili ina mtego wake katika jambo hili. Jina la mtandao kama *Ng'ambo* lina kiapostrofi, na kiapostrofi kinaweza kuandikwa kwa maumbo mawili: kilichonyooka na kilichopinda. Kwa msomaji ni kitu kimoja. Kwa bodi ni herufi mbili tofauti, kwa kuwa bodi hulinganisha baiti na si sauti. Katika mfumo wa UTF-8, kilichonyooka huchukua baiti 1 na kilichopinda huchukua baiti 3. Hivyo *Ng'ambo* huwa na baiti 7 kwa umbo la kwanza na baiti 9 kwa la pili. Ruta ikipewa jina kwa simu inayopindisha kiapostrofi, na programu ikaandikwa kwa kompyuta isiyopindisha, mtandao *hautaonekana*, ingawa majina mawili yanalingana machoni.

Ushauri ni kuyapa mitandao ya majaribio majina yasiyo na kiapostrofi wala nafasi, na yasiyozidi baiti 32 ambazo ndizo kikomo. Hali kadhalika, mhariri anayeweka mfano wa programu ndani ya andiko azime urekebishaji wa alama za nukuu katika programu yake ya uandishi. Alama zilizopinda hupendeza ukurasani lakini programu haitazikubali. Majina ya amri, ya mitandao na manenosiri hayafasiriwi wala hayarekebishwi tahajia.

7. Ulinganisho wa sentensi

*Badala ya:* Bodi haijaunganishwa. Angalia mtandao.
*Andika:* Mtandao wa ruta hauonekani kwa bodi. Hakikisha ruta inarusha bendi ya GHz 2.4.

*Badala ya:* Mtandao umegoma.
*Andika:* Ruta imeikataa bodi. Kagua nenosiri, kisha aina ya ulinzi.

*Badala ya:* Bodi haina mtandao.
*Andika:* Bodi imeungana na ruta lakini haikupewa anwani. Kagua idadi ya anwani zinazogawiwa.

*Badala ya:* Bodi haipatikani.
*Andika:* Bodi ina anwani lakini haifikiki kutoka kwenye simu. Hakikisha simu na bodi viko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani.

*Badala ya:* Mtandao unasumbua.
*Andika:* Mwungano unakatikakatika. Soma nguvu ya mawimbi, kisha pima umeme unaofika kwenye bodi.

Katika kila jozi, sentensi ya pili ni ndefu kidogo, lakini inamwambia msomaji mkono wake uende wapi. Mwongozo wa kutafuta hitilafu hupimwa kwa kigezo hicho: aliyeusoma anajua kama aguse bodi, ruta, kebo au bando.